Mshauri aliyenikataa

Nianze na lawama, sifa zitakuja zenyewe. Mama huyu, mshauri wetu wa ndoa, hapokei simu. Ukimpigia, inaita mpaka inachoka. Ukimtumia ujumbe, atakujibu kesho yake mchana kwa mistari miwili, na wa pili ni saa ya miadi. Kochi la wateja chumbani kwake ni la chini na laini kupita kiasi: ukiwa na mimba ya miezi minane unakaa vizuri, ila kunyanyuka ni mpaka uvutwe mkono. Ukuta wa pale mnaposubiri ni mwembamba, ndiyo maana ameweka kifaa kidogo sakafuni kinachovuma kama feni ili maneno ya ndani yasisikike nje. Kinafanya kazi yake, lakini ukikisikiliza dakika 10 unaingia ndani na mvumo wake kichwani. Na muda ukiisha, umeisha. Nimewahi kukatishwa mdomo ukiwa wazi na machozi yako njiani. Akasema taratibu, "Hilo tutaanza nalo wiki ijayo," akaweka kalamu chini.

Nimekwenda kwake kwa vipindi, ndani ya miaka mitatu. Mara ya kwanza na mume wangu, ndoa ikiwa na miaka minne na inapumulia juu juu. Mara ya pili tukiwa na mtoto wa wiki saba. Mara ya tatu peke yangu, kuomba jambo ambalo alinikatalia, na nadhani bila kukataliwa kule nisingeona sababu ya kuandika haya. Lingine mlijue mapema: mimi mwenyewe ni mshauri nasaha. Kazi yangu ni kukaa na waliofiwa. Kwa hiyo naandika kama mteja, lakini jicho la kazi halilali. Seremala akikaribishwa mahali, hukagua kwanza viungo vya kiti.

Kabla ya kikao cha kwanza alitupa karatasi mbili tusome na kusaini. Ya kwanza ilikuwa ya kawaida, mambo ya usiri na mipaka yake. Ya pili ndiyo iliyomkunja uso mume wangu. Ilisema kwamba tukienda kama wanandoa, mteja wake ni ndoa, si mmoja wetu, na kwamba hatamtunzia yeyote siri inayomhusu mwenzake. Ukimnong'oneza jambo pembeni, atakusaidia kutafuta namna ya kulisema chumbani, lakini hatakubali kulibeba peke yake. Wapo washauri wazuri wanaofanya vinginevyo, sibishani nao. Ila nimeona kwenye kazi yangu mshauri akigeuzwa kabati la siri za mtu mmoja, na siku kabati linapofunguka hakuna anayemwamini tena.

Kisha akatuita mmoja mmoja, kama dakika 20 kila mtu. Swali lake la tatu au la nne kwangu lilikuwa hili: "Kuna siku umewahi kumwogopa? Kuna kitu ukikisema hapa leo, utakilipia nyumbani?" Nikajibu hapana, na ni kweli. Mume wangu aliulizwa vilevile, tena alishangaa kuulizwa. Baadaye alitueleza kwamba kama mmoja wetu angejibu ndiyo, asingetukalisha pamoja. Penye kipigo au vitisho, kuwaketisha wawili kochi moja na kumwambia anayepigwa afunguke ni kumwongezea hatari. Hili si jambo la kuruka, na kama unatafuta mshauri wa ndoa, angalia kama amekuuliza peke yako. Asipokuuliza, muulize wewe kwa nini.

Sasa kikao chenyewe. Nilikuwa na orodha kwenye simu: makosa 14, yamepangwa kwa tarehe. Nilikuwa nimeshika simu kama wakili aliyeshika faili. Mama akatutazama, akauliza, "Kati yenu nani alitaka kuja, na mwenzake alisema nini alipoambiwa?"

"Mimi nilisema sawa," mume wangu akajibu.

"Sawa ya kukubali, au sawa ya kukwepa kelele?"

Mume wangu akacheka. Kicheko kile sikuwa nimekisikia miezi mingi, na nikaona wivu kwamba kimetolewa na mtu mwingine.

Nikaanza na kosa namba moja, la kuchelewa kurudi bila kusema. Nilipofika kwenye "kila siku, kila siku, kila siku," mama akainua kidole. "Samahani. Uliposema 'kila siku', umeona mwenzako amefanya nini?"

Sikuwa nimeona kitu. Nilikuwa natazama simu.

"Amevuta mkono wa shati akafunika saa." Kisha akamgeukia. "Ulikuwa unaficha nini?"

"Nilikuwa naangalia zimebaki dakika ngapi."

Hapo mimi tayari nilikuwa nimevuta pumzi ya kulipuka: mnaona? Mama akawahi. "Zimebaki ngapi?"

"Thelathini na nane."

"Unazimudu?"

Akanyamaza. Kisha akasema, "Sijui." Nilikaa na ile "sijui" njia nzima ya kurudi nyumbani. Kwa muda mrefu nilikuwa nimeolewa na mtu mwenye majibu mawili tu, "sawa" na "basi yaishe."

Nilijaribu pia kumfanya hakimu. Nilimuuliza waziwazi, karibu na mwisho, kwa uzoefu wake ni nani mwenye haki kwenye hili la kuchelewa. Akasema, "Nikisema nani ana haki, wiki ijayo mmoja wenu hatarudi." Hilo tu. Nilikerwa. Nililipa nusu ya kikao kile, nilitaka nusu ya hukumu.

Kwa wanaopenda kujua mtu ametoka chuo gani cha fikra: hataji majina, lakini ukiwa kazini unayatambua. Kuna John Gottman, mwanasaikolojia wa Marekani, ambaye pamoja na mwenzake Robert Levenson walitumia miaka mingi kuwarekodi wanandoa wakizozana huku vipimo vya mapigo ya moyo vikiwa mwilini. Ndiye aliyeorodhesha tabia nne zinazoimaliza ndoa: kumshambulia mtu badala ya jambo, dharau, kujitetea kila neno, na kujifunga kama ukuta. Dharau ndiyo mbaya kuliko zote. Halafu kuna Sue Johnson wa Canada, ambaye miaka ya 1980 pamoja na Les Greenberg alijenga tiba inayofuata hisia. Yeye aliutazama ugomvi kama mzunguko: mmoja anafuata kwa kelele, mwingine anakimbia kwa ukimya, na kadiri huyu anavyokimbia ndivyo yule anavyozidisha kelele. Chini ya kelele na chini ya ukimya kuna swali lilelile: je, ukihitajika utakuwepo?

Mama alilichora hilo kwenye karatasi kwa mishale miwili inayofukuzana, akatuambia tuupe mzunguko wetu jina. Mume wangu akasema "mkimbizano". Tangu siku ile adui akawa huyo. Vikao vilianza na "Wiki hii mkimbizano ulianza wapi?" badala ya "Nani alianza?" Inaonekana kitu kidogo. Jaribu usiku mmoja umwambie mwenzako, "Naona mkimbizano umeingia," uone kama ni kidogo.

Kikao cha nne ndicho ninachowasimulia wanafunzi wa kazi yetu, bila kusema kwamba mteja ni mimi. Tulikuwa tunazungumza mambo ya ndugu wa upande wa mume wangu. Yeye alikuwa ametulia tuli, uso hauna kitu, na mimi nikapandisha sauti kwa sababu utulivu ule ulinionekania ni kiburi. Mama akamwambia aweke vidole viwili chini ya kifundo cha mkono, ahesabu mapigo kwa sekunde 15. Akahesabu. "Ishirini na saba." Mara nne ni 108. Mtu aliyekaa kwenye kochi, hajainuka wala hajasema neno, moyo wake unakimbia kama aliyepanda ngazi. Gottman aliona kwamba moyo ukivuka mapigo 100 kwa dakika katikati ya mabishano, mtu hasikii vizuri wala hafikiri vizuri, na anahitaji kama dakika 20 za kupoa kwelikweli. Mimi niliyajua hayo kwa kuyasoma, lakini sikuwahi kufikiri kwamba ule ukuta niliokuwa naurushia mawe kila jioni, nyuma yake kuna moyo unaogonga hivyo.

Tukapewa kanuni. Anayezidiwa aseme "nahitaji kupumua", aondoke, lakini ataje saa ya kurudi na arudi. Kuondoka bila kutaja saa hairuhusiwi, maana kwa anayeachwa ni sawa na mlango kubamizwa. Wiki ya kwanza mume wangu alisema "narudi baada ya dakika 20" na akarudi baada ya saa nzima, amelala kwenye kiti. Wiki ya pili alirudi dakika ya 19. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango natazama saa, sitaficha.

Mazoezi mengine hayakutufaa. Lile la kukaa dakika 10 kila jioni bila simu, tusizungumze fedha, ndugu wala kazi, lilituaibisha. Siku ya kwanza tulitazamana mpaka tukacheka, kisha tukamaliza muda wote tukimjadili paka wa jirani. Karatasi zake za mazoezi nazo zinachosha, za maswali mengi yenye mistari ya kujaza, kama fomu ya mkopo. Tulijaza mbili.

Na amewahi kukosea. Kikao cha sita alimbana mume wangu kwamba amejifunga tena, akamsukuma aseme, akasukuma tena. Kumbe mwenzangu alikuwa ametoka zamu ya usiku, hajalala, na alikuwa anapigana na usingizi tu. Wiki iliyofuata, kabla hatujakaa vizuri, mama akasema, "Wiki iliyopita nilikusukuma na nilikosea. Uchovu niliuona nikauita ukaidi." Hakuongeza "ila" wala "lakini". Nimefanya kazi hii muda wa kutosha kujua jinsi sentensi hiyo inavyokwama kooni.

Jambo moja dogo. Mume wangu alikuwa anamwita "mama", kama sote. Siku moja akasema, "Mama, hebu mwambie huyu," na yeye akauliza, "Leo unaniita mama ili nikutetee?" Tukacheka, lakini alikuwa ameweka mpaka. Kuanzia siku hiyo mwenzangu alimwita kwa cheo chake kwa karibu mwezi mzima, akiwa amenuna kidogo, kisha akarudi kwenye "mama" ya kawaida ya heshima.

Vikao vilikuwa 11, vya dakika 80. Tulipofika mwisho alitaka turudie ile orodha yangu ya makosa 14 na tuseme yapi yatakuwepo hata baada ya miaka 20. Tukahesabu tisa. Yanatokana na jinsi tulivyo: yeye ni wa polepole, mimi ni wa haraka, yeye ana ndugu wengi, mimi ni wa pekee. Gottman anasema asilimia 69 ya migogoro ya wanandoa ni ya aina hiyo, ya kudumu, kwa hiyo tulikuwa hata chini ya wastani, mume wangu alijisifia. Bado anachelewa. Siku hizi anasema.

Mtoto alipokuja, niliapa sitarudi kule. Nilijiambia nina maarifa. Nimekaa na akina mama waliopoteza watoto. Nashindwaje na mtoto aliye hai, mzima, anayenyonya? Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikijisemea saa tisa usiku, kwa sauti ya ukali ambayo nisingethubutu kuitumia kwa mteja yeyote. Mume wangu ndiye aliyetuma ujumbe. Akajibiwa kesho yake mchana, kwa mistari miwili.

Hapa ndipo huduma yake ilipo bora kabisa, kwa maoni yangu. Kwanza, mtoto anaingia chumbani. Alikuwa ametandika godoro dogo sakafuni na yeye mwenyewe ameshuka kutoka kwenye kiti chake, amekaa chini. Pili, aliniita kwa jina langu. Nikamwambia kwa utani kwamba siku hizi mimi ni mama fulani. Akasema, "Kwingine kote wanakuita kwa jina la mtoto. Hapa utabaki na lako." Sikutegemea kulia kwa ajili ya jina.

Akatupa hojaji ya Edinburgh, ya kupima dalili za sonona, ile huzuni nzito, baada ya kujifungua, mimi na mume wangu, kila mtu yake. Wauguzi wa kliniki za uzazi wanaijua: maswali 10 kuhusu siku saba zilizopita, ilitungwa mwaka 1987, kila swali lina alama 0 hadi 3, kwa hiyo jumla haivuki 30. Si kipimo cha kutangaza ugonjwa, ni cha kuchuja nani aangaliwe zaidi, na wengi huanza kushtuka alama zikifika 13. Mimi nimeigawa hojaji hiyo mara nyingi. Najua kila jibu linabeba alama ngapi. Nikajaza, nikapata sita, nikamkabidhi.

Akaisoma. Akaiweka sakafuni karibu na godoro. "Umejaza kama mtu anayejua majibu," akasema.

Nikanyamaza.

"Tufanye hivi. Mtazame mtoto, usinitazame mimi. Nitakusomea moja moja."

Akasoma. Mtoto alikuwa anatazama taa, ngumi moja mdomoni. Swali la kujilaumu bila sababu, nikajibu. Swali la kushindwa kulala hata mtoto akiwa amelala, nikajibu. La kulia. Alipofika la kumi, la kufikiria kujidhuru, nikasema hapana kamwe, na hakupita haraka kama ninavyowaona wengine wakifanya. Akauliza tena kwa maneno ya kawaida, nje ya karatasi: kuna wakati unaona wangekuwa salama zaidi bila wewe? Nikasema kuna wakati nataka kulala mahali ambapo hakuna anayenijua. Akasema anashukuru nimemwambia, kisha akauliza mengine mawili matatu mpaka akaridhika kwamba nilichotaka ni usingizi. Jumla, 14.

Mume wangu alipata 11. Hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza kitu tangu siku ya kujifungua, isipokuwa "Mama na mtoto hawajambo?" Sonona huwapata akina baba pia, karibu mmoja kati ya kumi kwa tafiti zilizojumlishwa, na miezi ya tatu hadi ya sita huwa mibaya zaidi kwao. Kwa akina mama, Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa asilimia 13 ya waliojifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona. Hii si ile hali ya kulialia ya siku ya tatu au ya nne inayowapata walio wengi na kwisha yenyewe ndani ya wiki mbili. Mimi nilikuwa wiki ya saba na ilikuwa inazidi.

Hakujifanya daktari. Alituandikia barua kwenda kwa daktari, aniangalie damu na tezi ya shingo, maana upungufu wa damu na tezi isiyofanya kazi vizuri vinaweza kumfanya mzazi aonekane ana sonona, au vikaiongezea uzito. Kisha akamgeukia mume wangu, si mimi, akamweleza dalili za hatari: nikikaa siku bila kulala na bado nina nguvu za ajabu, nikisikia sauti, nikianza kuamini mambo ya ajabu kuhusu mtoto. Hali hiyo ni adimu, huwapata mama mmoja au wawili katika kila 1,000, mara nyingi katika wiki mbili za mwanzo, lakini haisubiri miadi. Ni hospitali siku hiyohiyo. Alimweleza yeye kwa sababu anayepatwa mara nyingi hajijui. Karatasi ile bado iko ndani ya mlango wa kabati letu.

Vikao vilivyofuata karibu vyote vilikuwa kuhusu usingizi. Nilidhani tutazungumza utoto wangu. Yeye alitaka kujua nani anaamka saa ngapi, nani anabadilisha nepi, nani anasikia mlio wa kwanza. Akapanga zamu: kila mtu apate saa nne au tano mfululizo, chumba kingine, mlango umefungwa. Mimi nikapinga, nikasema baba yake hajui kumtuliza. Tukiwa kwenye mabishano hayohayo mtoto akaanza kulia pale godoroni. Mume wangu akainama. Mimi pia.

"Mkono wako umefika kabla ya wake," mama akaniambia. "Ukalie."

Nikaukalia, kweli, mikono yote miwili chini ya mapaja kama mtoto wa shule. Mume wangu akamnyanyua, akampiga piga mgongoni, hakutulia. Akamgeuza. Akaenda dirishani, akawa anaguna sauti nzito ya kifuani, wimbo hata si wimbo. Mtoto alilia kama dakika nne. Kwangu zilikuwa saa. Kisha kichwa kikaangukia begani, akacheua, shati lote, akalala. Mume wangu alibaki dirishani ametupa mgongo, na niliona mabega yake yanatetemeka. Mama hakusema lolote, nami kwa mara ya kwanza nikaona ustadi wa kutosema.

Siku nyingine alitaja, bila jina, lile wazo la Donald Winnicott, daktari wa watoto wa Uingereza, kwamba mtoto hahitaji mama mkamilifu, anahitaji mama anayetosha. Kwa Kiswahili neno hilo limekaa vizuri kuliko kwa lugha yake. "Unatosha." Sijui kama alikusudia, lakini niliondoka nalo.

Lawama ya kipindi hiki: aliahirisha vikao viwili kwa taarifa ya siku moja, na kwa mzazi wa wiki ya tisa siku moja ni mlima. Kikao cha mtandaoni alichotupa badala yake hakikufaa kitu. Mtoto alilia, sauti ikakatika, tukabaki tunatazama uso wake ulioganda umefumba jicho moja.

Sasa lile la kukataliwa. Mwanangu alipofikisha mwaka, nilihitaji msimamizi mpya wa kazi. Kwa wasio wa fani hii: mshauri nasaha makini hafanyi kazi peke yake. Kila mara anakaa na mwenzake mzoefu, anamweleza kazi yake, anasahihishwa. Chama kikubwa cha washauri cha Uingereza, BACP, kinawataka wanachama wake wenye ithibati wapate walau saa moja na nusu ya usimamizi kila mwezi. Brigid Proctor, Mwingereza aliyeandika sana juu ya hili, aliligawa katika kazi tatu: kulinda viwango ili mteja asiumie, kumkuza mshauri, na kumrudishia nguvu. Mama huyu anasimamia, na nilijua hivyo kwa sababu mwenzangu kazini yuko kwenye kundi lake. Nikaona nimepata dawa. Nani ananijua kuliko yeye?

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema hapana.

"Sababu yako ya kunitaka ndiyo sababu yangu ya kukataa," akasema. "Nakujua mno. Ukiniletea mteja aliyefiwa na mtoto, nitamsikia yule mama wa wiki ya saba, sitamsikia mshauri. Na msimamizi hutathmini. Siku nikilazimika kuandika kwamba hauko tayari, utajiuliza nimeyatoa wapi, kwenye kazi yako au kwenye machozi yako."

Nikabisha. Nikasema mimi ni mtu mzima. Akasema hilo hana shaka nalo. Akaandika majina mawili ya wasimamizi wengine kwenye karatasi, akaniambia pia kwamba asipokuwa msimamizi wangu, mlango wa kurudi kama mteja unabaki wazi, na angependa ubaki hivyo. Niliondoka nimevimba. Nilimweleza mume wangu kwa hasira, naye akasikiliza akiwa anakunja nguo za mtoto, kisha akauliza, "Sasa ungependa akukubalie, au ungependa akufanyie kazi?" Sijamsamehe sana.

Kwa hiyo juu ya usimamizi wake nasema ya kuambiwa, mpime wenyewe. Mwenzangu wa kazini anasema mama hapendi hadithi ndefu ya mteja. Anataka kusikia sauti, kikao kilichorekodiwa kwa idhini ya mteja, dakika tano tu, kisha anasimamisha na kuuliza, "Hapa mwili wako ulikuwa unafanya nini?" Anasema pia kwamba siku moja aliwasilisha kazi yake kwa haraka, bila kupumua, anarukia hili na lile, na msimamizi akamwambia, "Mteja wako ndivyo anavyozungumza, siyo?" Ndivyo. Alikuwa amembeba mpaka ndani ya kundi bila kujua. Harold Searles aliliandika jambo hilo tangu mwaka 1955, kwamba yanayotokea kati ya mteja na mshauri hujirudia kati ya mshauri na msimamizi, lakini kulisoma ni kitu kimoja. Malalamiko ya mwenzangu ni kwamba kundi lina watu sita, zamu yako inafika kwa kuchelewa, na mama hana huruma na anayekuja bila maandalizi. Mimi nilikwenda kwa jina la kwanza kwenye ile karatasi. Niko naye mpaka leo, na huko siitwi mama wa mtu wala mke wa mtu.

Nyota nne kati ya tano. Moja nimeiondoa kwa ajili ya simu, karatasi za mazoezi na zile ahirisho mbili. Usiende kama unatafuta shahidi wa upande wako. Usiende kama uko kwenye hatari ya leo usiku, maana hana huduma ya dharura na anasema hivyo mwenyewe mlangoni. Nenda kama mmebaki na "sawa" na "basi yaishe". Nenda na mtoto, bebeni nguo ya kubadilisha, na mwenye mgongo mbaya aombe kiti kile cha mbao kilicho pembeni. Anacho, ila hakitoi mpaka aombwe.

Miezi michache iliyopita tulikutana kwenye mkutano wa washauri. Kwenye ile karatasi ya kwanza ya usiri kulikuwa na mstari kwamba tukikutana hadharani hatanisalimu kwanza, ataniachia mimi niamue kama tunajuana. Nikamwona anakuja ukumbini, mafaili kifuani, amezungukwa na watu watatu. Macho yetu yakakutana. Hakupunguza mwendo wala hakugeuza uso. Alikuwa anasubiri.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba," akajibu, akatabasamu, akaniuliza kama mada ya asubuhi nimeipenda. Tukasimama kama dakika mbili tukiizungumzia. Mtoto hakumuulizia.